Sifuri za Lazaro Mgala

Ijumaa iliyopita mimi, Yoramu Nzowa, niliwakabidhi daftari la kumi na moja, rula mbili na kile kiti changu chenye mguu mmoja mfupi, nikarudi nyumbani nikiwa mtu asiye na kazi. Mke wangu alinivumilia siku tatu. Siku ya nne akaniambia kwamba kama nimekosa cha kuhesabu, niyaandike haya ninayowasimulia kuku. Basi naandika, na ninawaandikia ninyi mnaobaki na daftari la mpira wa kikapu hapa Saza, kwa sababu yako mambo ambayo daftari lenyewe halitawaambia.

Habari za vyeo sitazigusa. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili kazi ilibaki ileile, ila kiti kilihamishwa karibu zaidi na dirisha. Nitawaambia nilivyoanza, nilivyokosea, na watu walionivumilia, maana hao ndio walionifanya karani.

Nilianza kwa kuandika mahudhurio mgodini. Asubuhi niliandika majina ya waliotelemka shimoni, jioni niliandika waliopanda, na hesabu hizo mbili zilitakiwa zilingane kabla hatujafunga mlango. Mkuu wetu alikuwa Mzee Asheri Haonga, mtu wa Isansa, mfupi, mwenye sauti ndogo na jicho la mwewe. Aliamini kwamba karani mbaya ni mtu hatari kuliko baruti, kwa sababu baruti huonekana inapowekwa.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha akaja mhandisi mmoja kutoka Kanada, mtu wa miguu mirefu ambaye kitanda chake kiliongezwa ubao ili alale. Huyo ndiye aliyetuletea kikapu. Nguzo zilikuwa reli chakavu za vitoroli, pete zilifuliwa karakana kutokana na mikanda ya mapipa, na ubao uliungwa kwa mbao za masanduku. Uwanja ulishindiliwa kwa kifusi cha mgodi. Mpira ulikuwa mmoja, wa ngozi, wenye kamba kama kiatu, na ukinyeshewa ulikuwa mzito kama boga. Watu walicheka sana mwanzoni. Baada ya mwaka mmoja kulikuwa na timu nne: sisi wa Saza, walimu wa Mbozi, mafundi wa barabara, na Tunduma.

Mhandisi aliondoka, michezo ikashikwa na msimamizi mmoja Mzungu tuliyemwita Bwana Filimbi, kwa kuwa filimbi haikumtoka shingoni hata mezani. Yeye ndiye aliyeanzisha mtindo wa kuajiri watu kwa ajili ya mpira. Kijana akionekana ana mruko mzuri aliandikiwa kazi ya juu ya ardhi: kupaka mashine mafuta, kufagia karakana, kulinda ghala. Kazi yake ya kweli ilikuwa kikapu. Ukishindwa mpira umekosa kazi, na ukikosa kazi umekosa na chumba cha kulala. Kila mchezaji alilijua hilo, na mimi niliyekaa na daftari nilipaswa kulijua kuliko wote.

Siku yangu ya kwanza uwanjani niliandika vikapu vya Saza upande wa walimu kwa robo saa nzima. Timu zilikuwa zimebadilishana magoli baada ya mapumziko, nami nilikuwa nikiandika kwa kuangalia goli badala ya mtu. Filimbi ya mwisho ikapulizwa, kwa daftari langu walimu wameshinda, na walimu wenyewe wakashangaa. Mzee Haonga hakunigombeza. Alichukua rula, akanipigia mstari mwekundu ukurasa mzima, akasema, "Mpira hauandikwi, Nzowa. Anaandikwa mtu." Nilirudia ukurasa ule kwa kuwauliza wachezaji mmoja mmoja, na kila mmoja alikumbuka vikapu vingi kuliko alivyofunga.

Tangu hapo akanifundisha njia yake, nami ninawapa kama nilivyopewa. Usipige makofi. Usikae upande wa jua. Kalamu za risasi ziwe tatu, na zote zichongwe kabla ya mechi, kwa sababu mtu anayechonga kalamu hukosa pasi. Kila tendo lina mstari wake: dakika, namba ya jezi, alichofanya. Kafunga, kakosa, kadaka mpira uliorudi kutoka ubaoni, kapokonya, kafanya faulo. Kisha ipo safu ile ya pili, ambayo ninyi mnaichukia nami nilikuwa naichukia: amemfanyia nani. Ukiandika kwamba namba saba kapokonya mpira, andika kampokonya nani. Ukiandika kwamba namba nne katupa mpira golini, andika nani alikuwa mbele yake akimkaba. Ni safu inayochosha mkono na macho. Nilimuuliza Mzee Haonga ina faida gani, naye akanijibu kwamba hajui, lakini mtu hafanyi jambo peke yake.

Miaka ikapita, Mzee Haonga akastaafu, akarudi Isansa kwenye kahawa yake. Nikakalia kiti chake, na haukupita muda nikajiona mjuzi. Nikabuni karatasi ya jumla. Katika karatasi hiyo moja kila mchezaji alikuwa na mstari wake: kafunga vingapi, kadaka mingapi, kapokonya mingapi, faulo ngapi. Ilikuwa safi, ilisomeka kwa kutupa jicho mara moja, na safu ya pili haikuwamo. Bwana Filimbi aliipenda mno. Alikuwa hasomi tena daftari. Jumatatu asubuhi alinyoosha mkono tu, nami nikaitia karatasi mkononi. Nilijivunia karatasi ile kama mtu anayejivunia mtoto aliyeanza shule.

Sasa nifike kwa Lazaro Mgala. Lazaro alikuwa kijana wa Hasamba, Mnyiha kama mimi, mpole wa maneno na mwenye mikono isiyo na upole hata kidogo. Alivaa namba saba. Kazi yake uwanjani ilikuwa kumkaba mchezaji bora wa timu nyingine na kumpokonya mpira, na sijaona kabla wala baada yake mtu mwenye wizi wa halali kama ule. Mechi ya kawaida alipokonya mara nne au tano. Juu ya ardhi aliandikiwa kupaka mafuta winchi, mashine ya kuvuta mizigo kutoka shimoni, na aliipaka kweli, jambo ambalo wenzake hawakuwa wakilifanya.

Mwaka ule mechi ya mwisho ilikuwa kati yetu na Tunduma, hapa hapa Saza. Mchezaji wao mkubwa alikuwa namba nne, Festo Sichone, fundi cherehani mwenye baraza lake pale Tunduma, kijana wa rika moja na Lazaro. Jezi za timu yao alizishona yeye mwenyewe, na ndiyo maana zilikuwa zinawakaa. Lazaro akapangwa kumkaba. Nilikaa, nikaandika, sikupiga makofi. Tukafungwa kwa vikapu viwili.

Jumatatu nikajaza karatasi ya jumla. Mstari wa Lazaro ulisomeka hivi: kafunga kimoja, kapokonya sifuri, faulo sifuri. Niliona ni ajabu, lakini hesabu ilikuwa sahihi, na karani huridhika haraka na hesabu sahihi. Nikampelekea Bwana Filimbi.

Alisoma mstari ule mara mbili. Kulikuwa na maneno yanazunguka kwamba Tunduma wanamtaka Lazaro ahamie kwao, na mwenyewe alikuwa ameonekana Tunduma mara kadhaa. Bwana Filimbi akajumlisha mawili na mawili. Akamwita ofisini, akamwekea karatasi yangu mbele, akamuuliza kama ameahidiwa kazi huko hata akawaachia mechi. Lazaro alisema hajaahidiwa kazi. Akaulizwa mbona hakumgusa Sichone. Akajibu kwamba alichoka. Mtu aliyecheza miaka mitatu bila kuhema! Basi ikaamuliwa kwamba ifikapo mwisho wa mwezi atarudisha ufunguo wa chumba, na nafasi yake atapewa mwingine. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Ushahidi wote dhidi yake ulikuwa mwandiko wangu.

Nilirudi mezani nikakosa raha. Nikalifungua daftari kubwa, lile lenye safu ya pili, nikaanza kuusoma mchezo mstari kwa mstari. Lazaro hakumpokonya Festo hata mara moja, ni kweli. Lakini katika mechi mbili za mwanzo wa mwaka alikuwa amempokonya mara saba na kumfanyia faulo tatu, moja ya kumwangusha kabisa. Nikaendelea kushuka. Na hapo nikaona jambo ambalo macho yangu uwanjani hayakuliona. Festo naye, mfungaji mkubwa wa Tunduma, hakutupa mpira golini hata mara moja Lazaro akiwa mbele yake. Kila mara alitoa pasi. Vikapu vyake vitatu vyote alivifunga wakati Lazaro amepumzishwa, naye akikabwa na mtu mwingine. Hakumpita, hakumsukuma, hakumwinulia mkono. Wanaume wawili walikuwa wamezungukana mechi nzima kama watu wanaobeba sahani ya moto. Kama mmoja alikuwa ameuza mechi, basi mwenzake alikuwa amekataa kuinunua.

Jioni nilimfuata chumbani kwake. Nilimkuta anatia jembe mpini, jembe la kurudi nalo Hasamba. Nikakaa juu ya ndoo, nikamweleza nilichokiona daftarini. Akaendelea kugonga kabari. Nikamuuliza Festo amemfanyia nini.

"Hajanifanyia kitu, kaka."

"Mbona humgusi?"

Akaliweka jembe chini. "Kaka Yoramu, wewe umeoa," akasema. "Ungeweza kumpiga kikumbo baba mkwe wako?"

Nawaambia kweli, niliona aibu. Mimi Mnyiha, mwenye wakwe, ambaye hadi leo nikimwona mama mkwe njiani naacha njia, nilikuwa nimeyaandika mambo haya kwa mkono wangu na nisiyatambue, kwa sababu tu yalikuwa yamevaa jezi.

Akanieleza. Alikuwa amempenda binti mmoja aitwaye Ester, na mshenga alikuwa ameshaingia nyumba ya kina Sichone wiki tatu kabla ya mechi. Ester ni binti wa kaka mkubwa wa Festo. Kaka huyo yuko mbali, migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, na aliyeachiwa nyumba na maneno ya nyumba ni Festo. Kwa hiyo yule fundi cherehani, rika lake, ambaye Lazaro alimwangusha mwanzoni mwa mwaka wakacheka pamoja, sasa alikuwa baba mkwe. Tangu siku mshenga alipovua viatu pale, Lazaro hakuweza kumgusa, kumkodolea macho wala kumzibia njia. Naye Festo hakuweza kumchezea mkwe.

Nikamwambia hayo ndiyo ya kumweleza Bwana Filimbi. Akakataa katakata. Wazee wa Ester walikuwa hawajatoa jibu. Akienda kujitangaza ofisini kuwa ni mkwe wa watu, ili tu aokoe chumba na kazi, atakuwa amejioza mwenyewe kwa mdomo, na habari ikifika Tunduma mlango utafungwa. Upande mwingine, mshenga alikuwa ameingia kwa kusema kijana wetu ana kazi mgodini. Akirudi Hasamba bila kazi, mlango huohuo utafungwa polepole zaidi. Alikuwa ameshachagua. Afadhali amkose Ester kwa ukosefu wa kazi kuliko kwa ukosefu wa adabu.

Akaniapisha nisimwambie Bwana Filimbi. Nikaapa. Kwamba nisiwaambie watu wa Tunduma hakusema, nami sikumkumbusha.

Daftari la mechi halitoki ofisini. Hiyo ni kanuni ya kwanza, nimewafundisha wenyewe, na msijaribu kuivunja. Mimi nilililaza ndani ya mfuko wa unga, nikaomba ruhusa ya siku sita ya kwenda kuona jamaa, nikapanda lori la mgodi hadi Mbalizi. Hapo nikapata lori jingine la kwenda Tunduma, nalo likafia Mbozi likiwa na springi iliyovunjika. Nikatembea hadi Isansa kwa Mzee Haonga. Nilimkuta anapogoa kahawa. Nikamsimulia yote, pamoja na karatasi yangu ya jumla, nikitegemea kugombezwa. Aliniuliza jambo moja tu, kama safu ya pili niliendelea kuijaza. Nikasema ndiyo. Akasema basi nikale, nilale, kesho nipande lori. Sijawahi kumshukuru mtu kimoyomoyo kama nilivyomshukuru siku ile, maana safu ile niliijaza kwa kumwogopa yeye tu.

Festo nilimkuta barazani kwake anashona sare za kwaya. "Karibu, mukwai," akasema, kama watu wa mpakani wanavyomwita mtu wanayemheshimu, akanisogezea kigoda. Sikumpa maelezo marefu. Nilimfungulia kurasa, za mwanzo wa mwaka na za mwisho, nikamwonyesha safu ya pili, kisha nikamwambia kijana anarudisha ufunguo mwisho wa mwezi na amekataa kusema kwa nini. Festo alisoma kwa kufuatisha kidole. Alipofika kwenye mistari yake mwenyewe, zile pasi zote, kidole kikasimama.

"Nilidhani hakuna aliyeona," akasema.

Nikamwambia hata mimi sikuona, niliandika tu. Akasema kwamba Lazaro amefanya sawasawa kufunga mdomo, mkwe hajitaji. Wa kumtaja ni wao. Lakini wao walikuwa hawajakaa kulizungumza, na yeye peke yake hawezi kulisema neno kubwa kama hilo. Akafunga cherehani, akavuka mpaka mchana uleule kwenda kijiji cha karibu anakoishi shemeji yake, mama yake Ester. Mimi nikabaki barazani nikilinda sare za kwaya.

Alirudi kesho yake. Hakuniambia walichozungumza. Alibadilisha shati, akampa jirani ufunguo wa baraza, tukapanda lori. Njia nzima tuliongea habari za barabara na bei ya uzi. Nilitamani kumuuliza, lakini maneno ya wakwe hayaulizwi na mpita njia, nami nilikuwa nimeshavuka mpaka wangu wa kutosha.

Tulifika Saza imebaki siku moja tu mwezi uishe. Bwana Filimbi alitupokea akidhani Tunduma wamekuja kumchukua mchezaji wao. Akamwita Lazaro. Lazaro alipoingia na kumwona Festo amekaa, alirudi nyuma hatua moja, akachuchumaa karibu na mlango, macho chini. Bwana Filimbi aliona ni dalili ya hatia, na akaniangalia mimi kama anayesema, umeona.

Festo akasimama. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na alikisema polepole ili kila neno lifike.

"Bwana, huyu ni mkwe wetu. Anamwoa binti wa kaka yangu. Kwetu baba mkwe hapigwi kikumbo, na mimi siwezi kumchezea mkwe wangu. Kitabu hiki kimeandika adabu yetu sisi wawili."

Bwana Filimbi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akasema hawa ni vijana wa umri mmoja. Festo akamjibu kwamba mtoto wa kaka yake ni mtoto wake, na baba mdogo hapimwi kwa umri. Nikaliweka daftari mezani, nikampitisha Bwana Filimbi kwenye safu ya pili, mstari kwa mstari, upande wa Lazaro na upande wa Festo. Alikuwa mtu mkali lakini hakuwa mjinga. Alipofika kwenye ile pasi ya tisa ya Festo alifunga daftari, akaomba ile karatasi yangu ya jumla, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Akamwambia Lazaro abaki na ufunguo. Kisha akamuuliza Festo kama mwaka ujao anaweza kukabwa na mtu mwingine. Festo akasema angefurahi sana, kwa sababu yeye pia anapenda kufunga.

Lakini mimi sikuwa namwangalia Bwana Filimbi. Nilikuwa namwangalia Lazaro pale mlangoni. Neno "mkwe wetu" alikuwa hajawahi kuambiwa na mtu yeyote wa nyumba ile. Jibu alilolingoja kwa wiki zote zile, ambalo lilipaswa kuletwa na mshenga, lilikuwa limesemwa mbele ya meza ya Mzungu, katikati ya mazungumzo ya vikapu. Hakuinua macho. Aliinama zaidi, akapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, kama mtu wetu anavyomshukuru mkubwa. Machozi yalinitoka, na nilishukuru kwamba makarani huzoea kuinamisha uso.

Harusi yao nilialikwa, na nilikula vizuri. Tangu mwaka ule safu ya pili iko katika karatasi zote, hata za jumla, na ndiyo maana mikono inawauma. Mkinilaani, nilaanini mimi, msimguse Mzee Haonga.

Limebaki jambo moja. Kesho yake baada ya kikao kile, Bwana Filimbi aliniagiza nizirekebishe zile sifuri daftarini. Alitaka nifute mstari wa Lazaro wa mechi ile, au niandike kwamba hakucheza, ili mtu atakayesoma baadaye asimdhanie vibaya. Ilikuwa nia njema, na kwa hakika niliona ni kidogo cha kumlipa kijana niliyemponza. Nikachukua kifutio, lakini kabla sijagusa ukurasa nilimwita Lazaro nimweleze, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kutomwandikia mtu jambo bila yeye.

Alikuja na mafuta ya winchi mikononi, akasimama mbali ili asichafue. Aliuangalia ukurasa muda mrefu: dakika, namba saba, sifuri, sifuri.

"Usifute, kaka," akasema. "Mahari bado sijatoa hata ng'ombe mmoja. Sifuri hizi ndizo nilizowapa mpaka sasa."